Mtaro Umeziba, Maji Yanarudi Ndani: Kusoma Dalili za Mitaro ya Dar es Salaam

Malalamiko yanayofika ofisi za serikali za mitaa kila masika yanafanana mno. Maji yameingia ndani. Mtaro unanuka. Mbu hawatuachi tulale. Ukuta umepasuka upande wa mtaroni. Kisima kimebadilika ladha. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo, na chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile inayokutwa mara nyingi hadi ile ya nadra. Mifano mingi inatoka bonde la Msimbazi na vijito vyake, Tandale, Kigogo, Magomeni, Hananasif, kwa kuwa huko ndiko maji ya sehemu kubwa ya jiji hupita yakielekea baharini. Anayeishi Mbagala au Mwananyamala hatapata shida kujitambua humu.

Kabla ya kushika koleo, tembea. Anzia pale mtaro unapomwaga maji yake, kisha panda kuelekea kwako. Wengi hufanya kinyume: wanachimba mbele ya mlango wao, wanachoka, na kikwazo kiko mita 200 chini, kwa jirani wasiyemfahamu hata jina. Maji yaliyosimama hapa yamezuiwa chini yako. Uchafu uliokuzibia mtaro umeshuka kutoka juu yako. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza kwa miguu.

Vaa gambuti na glavu nzito za mpira, siyo kandambili. Mtaroni mna vioo, sindano na mkojo wa panya. Mwaka 2022 homa ya mgunda iliua watu mkoani Lindi, na vimelea vyake hupita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vikaingia mwilini kwa mtu kupitia mchubuko mdogo tu. Mwenye kidonda asiingie. Na ukishikwa na homa ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kazi hiyo, mwambie daktari kwamba uliingia mtaroni. Usimwachie abahatishe malaria.

Dalili: maji yamesimama, na mvua ilikoma siku nyingi

Kwenye mtaro mzima maji ya mvua hayalali. Siku ya pili ya jua sakafu inatakiwa iwe kavu, au ibaki na unyevu tu. Ukikuta dimbwi siku ya nne, chota maji kidogo kwa kikombe cheupe uyaangalie. Viluwiluwi vikining'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, basi huenda ni vya kuleksi, mbu wa usiku anayependa maji machafu na anayeeneza matende na mabusha. Vikilala bapa, sambamba na uso wa maji, hivyo ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Zamani tulifundishwa kwamba anofelesi hutaga kwenye maji safi peke yake. Mitaro ya Dar imetuonyesha kuwa na maji yaliyochafuka hayakatai. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 kwa joto letu la pwani, kwa hiyo mtaro unaosafishwa mara moja kwa mwezi unalea vizazi viwili au vitatu kabla koleo halijarudi.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi hakuna haja ya kutafuta nyingine, ni kidaraja cha mlangoni. Kila nyumba imetupia slabu juu ya mtaro ili gari au bodaboda ipite, na chini yake pameachwa tundu dogo. Simama upande wa juu, kisha upande wa chini. Juu pakiwa pamejaa na chini pakavu, umekipata kikwazo. Vuta uchafu kwa reki ukiwa upande wa juu. Usisimame chini ya kizibo wala usimwache mtoto asimame hapo, maana maji yaliyofungwa hutoka kwa mkupuo.

Ya pili ni mchanga. Barabara zetu nyingi za ndani ni za mchanga, na kila mwenye kujenga humwaga lori la mchanga au kifusi pembeni mwa barabara akangoja fundi. Mvua moja inauhamishia mtaroni. Chomeka nondo mpaka igonge zege upime: tope likizidi theluthi ya kina cha mtaro, kazi ya reki imekwisha, sasa ni ya koleo.

Ya tatu ni mteremko uliopotea. Sakafu imezama mahali, au fundi aliijenga kwa macho. Tandaza kamba pembeni mwa mtaro, uisawazishe kwa pima maji, kisha pima kutoka kwenye kamba hadi sakafuni kila baada ya mita 2. Namba zinatakiwa ziongezeke unavyoshuka, walau nusu sentimita kwa kila mita. Zikipungua mahali pamoja tu, hapo sakafu imeinuka, na fundi anaweza kuichonga na kuipiga lipu upya. Kama mtaro mzima hauna mteremko, usimlipe fundi wa mtaani. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Mara chache utakuta maji maangavu yanayochuruzika kwenye viungo vya matofali, hata pasipo mvua. Hayo ni maji ya ardhini, na kwenye maeneo ya chini kama Mikocheni yapo karibu sana na uso wa ardhi wakati wa masika. Koleo halitayamaliza.

Onyo kwa dawa ya mtaani: kumwaga oili chafu ya gari ili kuua viluwiluwi. Ndiyo, inaua. Inaua pia kila kitu kinachopumua kati ya mtaro wako na mikoko, na mvua ikija oili inasafiri yote. Kama unataka kuua viluwiluwi, muulize afisa afya wa kata kuhusu dawa za kibaiolojia zinazotumika kwenye madimbwi. Halafu zibua mtaro, maana maji yanayokwenda hayazai mbu.

Dalili: mvua ya nusu saa, maji sebuleni

Hapa lawama huenda kwa mvua. Ni kweli zipo mvua zisizozuilika: zile za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini na kuwahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande. Lakini mvua ya nusu saa si ya 2011. Ikikuingilia ndani, mtaro haufanyi kazi.

Angalia kwanza mdomo wa mtaro, pale unapoingia mtoni au kwenye mtaro mkubwa. Mara nyingi mdomo umezikwa. Mto umeleta mchanga ukaziba, au majani yameota, au watu wamepageuza jalala kwa kuwa gari la taka halifiki. Ukishauzibua, fanya jaribio hili siku maji yanapotiririka: pima mita 10, tupa jani kavu, hesabu sekunde. Likifika ndani ya sekunde 15 hivi, maji yana kasi ya kutosha kusukuma mchanga yenyewe. Likichukua nusu dakika, mchanga utaanza kutua wiki hiyohiyo, na ndani ya miezi michache mtarudi palepale.

Sababu ya pili ningeiweka ya kwanza kama ningepima kwa hasira, na ndiyo inayoudhi zaidi kwa sababu inatokana na usafi wenyewe. Jumamosi ya usafi watu wanatoka, wanachimba, wanavuja jasho, na tope lote wanalirundika ukingoni mwa mtaro. Kila mtu anakwenda zake nyumbani. Ukiliangalia kwa karibu rundo hilo baada ya siku mbili za jua, limeshika ganda la kijivu juu, chini bado jeusi na laini kama uji. Ndani yake mna pempasi, vifuniko vya chupa, vinailoni vya karanga na barafu, kiatu cha mtoto, nywele bandia zilizojisokota kwenye waya. Siku ya tatu bodaboda zimelisaga upande mmoja. Siku ya mvua linateleza lote kurudi mtaroni, safari hii likiwa limelegea, kwa hiyo linasafiri mbali zaidi na kuziba kalavati ambalo halikuwa limeziba.

Tiba yake si ya kitaalamu. Msianze kuchimba kabla ya kujua tope litaondoka na nini, siku gani, kwenda wapi. Tengeni takataka na mchanga palepale. Mchanga uliokauka na kutengwa waweza kujaza mashimo ya njia, ila kama mtaro unapokea maji ya choo msiushike wala kuutumia kwa lolote, ukatupwe dampo. Jazeni kwenye viroba, vipangeni mbali na ukingo, na mjumbe apewe jukumu la toroli au kirikuu. Kama usafiri haupo, chimbeni mita 20 muweze kuziondoa, kuliko kuchimba mita 100 na kuziacha.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilibadilisha sura ya rundo hili. Rambo zilipungua sana. Chupa za maji na soda zina soko, wazoa chupa wanaziokota, ingawa zikishazama kwenye tope hakuna anayezihangaikia. Kinachobaki ndicho kisicho na mnunuzi: pempasi na vinailoni vyepesi. Mtaa unaotaka mtaro mzima uanze na hivyo, maana hata wazoa taka huviruka.

Sababu nyingine ni mtaro uliobanwa. Mtu amesogeza ukuta nusu mita, mwingine amejenga ngazi, wa tatu ameweka bomba la inchi 6 pale palipokuwa na kalavati. Pimeni upana juu ya kikwazo na chini yake. Ukipungua kwa zaidi ya robo, mmempata. Msimvunjie mtu ukuta kwa mikono yenu. Hilo ni la mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji, na kwa mtaro wa barabara ni la TARURA, wakala wa barabara za mitaani na vijijini, au TANROADS, wakala wa barabara kuu, kulingana na barabara yenyewe. Karibu na mto kuna sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Huko mabondeni kila mtu anaijua, na kila mtu ana sababu yake ya kuwa pale.

Mwisho, kwa wanaoishi karibu na pwani na sehemu za chini za Msimbazi: angalia bahari. Kipindi cha bamvua, maji ya bahari Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mtaro hauna pa kumwaga. Mafuriko yakiganda kwa saa tatu au nne kisha yakashuka ghafla bila mtu kuzibua chochote, linganisha saa hizo na majira ya kujaa na kupwa. Mvuvi yeyote atakuambia. Kama zinaoana, kusafisha kutapunguza adha lakini hakutaimaliza.

Simama hapa: maji yanayokimbia ya kufika vifundo vya miguu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Usiingie kuzibua mtaro wakati mvua inanyesha. Nguzo ikiwa imelala au waya umegusa maji, msikanyage maji hayo. Pigieni TANESCO kwanza. Mtu akichukuliwa na maji, Zimamoto ni 114.

Dalili: mtaro unatiririka kiangazi, maji meusi, harufu ya mayai viza

Mtaro wa mvua hautakiwi kuwa na maji mwezi wa Agosti. Ukiwa nayo, yametoka ndani ya nyumba za watu.

Amka saa kumi na mbili asubuhi uangalie. Maji meupe yenye povu saa hiyo na tena jioni ni ya kuogea na kufulia: machafu, ila ndiyo mepesi kuliko yote. Yenye utando wa mafuta unaoshika pembezoni kama nta ni ya jikoni, mama lishe na wakaanga chipsi. Mafuta hayo yakipoa huganda na kushika mchanga, na kwa miezi mtaro hupungua upana kutoka pande zote mbili. Dawa yake ni rahisi: mafuta ya kukaangia yapoe, yamwagwe kwenye dumu lenye mfuniko, na sufuria ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Hapana haja ya kugombana na mama lishe kwa hili. Anayemnyima pa kumwaga maji ndiye wa kugombana naye.

Meusi yenye harufu ya mayai viza ni ya choo. Mara nyingi karo limejaa na linafurika, au mtu ameunganisha bomba la choo moja kwa moja mtaroni usiku. Kwa ridhaa ya mwenye nyumba, na mjumbe akiwepo, mimina rangi ya chakula chooni, mwaga ndoo mbili za maji, nenda ukasimame mtaroni. Rangi ikitokea, hakuna tena ubishi. Isipotokea ndani ya saa moja, jaribu nyumba inayofuata.

Halafu kuna kutapisha. Kila mkazi wa uswahilini anaijua: mvua kubwa inashuka usiku, mtu anatoboa shimo la choo pembeni na kuliacha limwagike na mafuriko. Dalili yake ni harufu kali inayokuja na mvua na kuisha nayo, na asubuhi kinyesi kimebaki kwenye kingo za vibaraza. Wanaofanya hivyo wanakwepa gharama ya gari la kunyonya, na mara nyingi gari lenyewe haliwezi kupita kwenye uchochoro wao. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 na kusambaa nchini kilitukumbusha kinachofuata. Kwa nyumba zisizofikika, ulizeni manispaa kuhusu wanyonyaji wadogo wanaotumia pampu za mkono na mapipa. Mkichanga nyumba tano au sita kwa safari moja, bei inashuka. Vyura, wale vijana wanaoingia shimoni na ndoo, msiwatume. Wanalipwa fedha kidogo kwa kazi inayoua.

Hapo ndipo onyo kubwa kuliko yote humu. Usiingie chemba, karo wala mtaro uliofunikwa, hata kama umefunua mfuniko tangu asubuhi. Gesi ile ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Ikizidi, pua huacha kuisikia, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla usidhani hewa imesafika. Vifo vya chemba huwa vya watu wawili watatu: wa kwanza anaanguka, wa pili anamfuata kumwokoa. Usimfuate. Mwite zimamoto. Chemba za mfumo wa maji taka wa jiji ni za DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, na zikifurika barabarani wao ndio wa kuitwa, siyo fundi bomba.

Dalili: ukingo unaporomoka, ukuta umepata ufa

Chunguza mtaro unaishia wapi. Mingi ya iliyojengwa kwa michango huishia hewani, ukingoni mwa korongo, na maji yakianguka pale yanachimba chini ya zege hadi linaning'inia. Hiyo ndiyo ya kawaida. Inayofuata ni ufa kwenye sakafu ya mtaro, ambapo maji yanapenya na kuhamisha udongo kimyakimya. Utajua kwa sauti, gonga sakafu na kipande cha nondo usikie pale panapolia wazi kama debe.

Ufa mwembamba kwenye sakafu, zibua, safisha, jaza saruji. Mdomo unaoning'inia, panga mawe makubwa pale maji yanapoangukia ili yapoteze nguvu, na uwaite watu wa kata. Lakini ufa wa ukuta wa nyumba unaopana kuliko kidole, au mlango ambao wiki iliyopita ulifunga vizuri na leo unakwama, hameni chumba cha upande huo usiku huohuo. Mhandisi wa manispaa aje kabla ya fundi. Na kama juu yenu au chini yenu kuna wachimba mchanga mtoni, pelekeni taarifa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu: mto uliochimbwa sakafu hula kingo zake mwenyewe, na hakuna mawe yatakayousimamisha.

Dalili: kisima kimebadilika, mchicha umestawi kupita kiasi

Kisima kifupi kilicho karibu na mtaro unaopokea maji ya choo kishukiwe daima, hata maji yakiwa maangavu. Yakianza kunuka au kubadilika ladha baada ya mvua, acheni kuyanywa na kupikia mara moja, na afisa afya achukue sampuli. Kuchemsha kunaua vimelea. Hakuondoi naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, na hiyo ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo.

Mboga za bondeni zina shida yake. Watafiti waliopima mchicha na mboga nyingine kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi tangu miaka ya 1990 walikuta metali nzito, risasi ikiwemo. Kuosha kunaondoa matope na sehemu ya vimelea, siyo risasi iliyokwisha kuingia kwenye jani. Gereji inayomwaga oili na maji ya betri kwenye mtaro wa juu ndiyo ya kuanza nayo, na taarifa yake ni ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa.

Dalili: mtaa wenu ni safi, lakini mdomoni mna kisiwa cha plastiki

Mkiona hivi, kila mtaa umefanikiwa kusukuma taka zake kwa wa chini. Nendeni maji yakipwa hadi karibu na Daraja la Selander muone mahali Msimbazi unapoishia: vinailoni vimevishwa kwenye mizizi ya mikoko, tope jeusi limefunika mahali kaa walipokuwa wakichimba. Mizizi ile hupumulia hewani. Ikizikwa kwa mchanga na plastiki, mti hufa taratibu kwa miaka, na samaki wadogo waliokuwa wakijificha pale hawana pa kwenda.

Mitaa mingi hufikiria wavu au chekeche la nondo mdomoni mwa mtaro. Ni wazo zuri kwa sharti moja. Nondo ziachane kama upana wa ngumi, ziegemezwe kwa mlazo ili taka zipande juu badala ya kuganda, na awepo mtu mwenye jina, anayelipwa, wa kulisafisha kila siku ya mvua, na mwingine wa kumpokea akiugua. Kama mtu huyo hayupo, msiliweke: chekeche lililojaa usiku wa masika ni bwawa, na litawafurisha wa juu kabla halijamwokoa kaa mmoja.